Kutoka Sumatra Hadi Kariakoo: Dini Iliyosafiri na Mizani

Kurani Tukufu haimwamuru mwanadamu akae nyumbani na kufumba macho. Mahali pengi inamhimiza atembee katika nchi, aangalie jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha viumbe Vyake, na atazame ulikuwaje mwisho wa watu waliomtangulia. Kwa hiyo safari, kwa mtu mwenye imani, si starehe tu, wala si jambo la matajiri peke yao. Ni darasa.

Lakini wengi hudhani kwamba agizo hilo linamhusu mwenye nauli ya ndege. Ndugu yetu wa Kariakoo, ambaye huamka kabla ya alfajiri ili awahi kupanga nyanya zake, atasema: "Mimi nitembee wapi? Safari yangu ni ya kutoka Mbagala na kurudi Mbagala." Nia ya makala hii ni kumwonyesha ndugu huyo, na kukuonyesha wewe uliyeingia katika Islam karibuni, na wewe pia ambaye ungali ukiuliza na kupima, kwamba mtu aweza kufika mpaka visiwa vya mbali vya Asia ya Kusini-Mashariki akiwa angali katikati ya jiji la Dar es Salaam. Na huko atakutana na swali ambalo kila mtafuta haki hana budi kulijibu: Je, dini hufikaje katika moyo wa mtu?

Safari ya miguu

Haya, twende pamoja. Tuanzie ufukweni, Kivukoni, penye harufu ya samaki na kelele za wanadi. Mji huu ulianza kujengwa katika miaka ya 1860 na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, karibu na kijiji cha Mzizima, nao ukaitwa kwa jina la amani. Tuifuate Barabara ya Samora mpaka penye sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Kisha tuingie katika mitaa ya India, Jamhuri na Kisutu. Hapa kuna misikiti, kuna makanisa, kuna mahekalu ya Wahindu, na kila mmoja amwabudu Mola kwa kadiri alivyofundishwa na wazee wake. Mgeni akipita hapa saa za magharibi husikia adhana na kengele kwa pamoja.

Mbele kidogo tunafika Mnazi Mmoja. Leo ni bustani na uwanja ambapo watu hupumzika na kukutana. Lakini wakati wa utawala wa Waingereza eneo hili liliachwa wazi kwa makusudi ili litenge mji wa Wazungu na Wahindi upande huu, na mji wa Waafrika upande ule. Tafakari, ndugu yangu: ardhi ni moja, mvua ni moja, na Muumba ni Mmoja, lakini mwanadamu akachora mstari ili ngozi moja isikae na ngozi nyingine. Tukivuka mstari huo tunaingia Kariakoo.

Jina lenyewe ni historia. Wakati wa vita ile Waingereza waliwakusanya Waafrika, wengi wao kwa nguvu, wawe wapagazi wa jeshi. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo ndimi zetu zililigeuza kuwa Kariakoo, na kambi yake ilikuwa hapa. Makumi ya maelfu ya wapagazi katika Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, kwa maradhi na kwa uchovu, wakiwa wamebeba mizigo isiyokuwa yao. Jengo ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga hapa kabla ya vita likawa soko mwaka 1923. Baadaye msanifu Mtanzania, Beda Amuli, alichora soko jipya lenye nguzo zilizokunjuka juu kama miavuli iliyogeuzwa, za kukusanya maji ya mvua, na soko hilo likafunguliwa mwaka 1975. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mali zao katika usiku mmoja.

Bidhaa zilizovuka bahari

Sasa simama katika mitaa ya soko hili na utazame kwa jicho la msafiri. Yako wapi yale yaliyo yetu tangu mwanzo?

Tazama ndizi, za Bukoba na za Tukuyu. Hakuna chakula tunachokihesabu kuwa chetu zaidi ya hicho, lakini mgomba asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea. Tazama karafuu, ambazo kwazo jina la Unguja na Pemba limejulikana duniani. Mkarafuu ulitoka Maluku, katika visiwa vidogo vya Indonesia ya leo kama Ternate na Tidore, ukafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akahimiza upandwe kwa wingi. Na ajabu ni kwamba kwa miaka mingi ya karne ya 20 karafuu za Zanzibar zilipakiwa melini kurudi Indonesia, kwa kuwa watu wa huko huzichanganya katika sigara zao. Mti ulikuja kwetu, na matunda yake yakarudi kwao.

Tazama kungumanga, asili yake ni visiwa vya Banda. Tazama udi unaofukizwa majumbani. Tazama shokishoki, msimu wake unapofika: ni tunda la nchi za Kimalei. Tazama hata kitenge alichojifunga mama yetu, ambacho mgeni akikiona husema hiki ndicho kitambaa cha Kiafrika. Viwanda vya Uholanzi katika karne ya 19 viliiga kwa mashine nguo za batiki za kisiwa cha Java, na kutokana na uigaji huo vitenge vikaenea Afrika. Na ngalawa zetu zenye matengo ubavuni ni ndugu wa mitumbwi ya visiwa hivyo. Mabaharia wa huko walivuka bahari hii tangu kale, wakakaa Madagascar, na mpaka leo lugha ya Madagascar ina udugu wa karibu na lugha za Borneo.

Basi ikiwa ndizi na karafuu zilipita bahari hii, je, lipi jingine lilipita pamoja nazo?

Msafiri aliyeziona pwani zote mbili

Mwenyezi Mungu alijaalia kwamba mtu mmoja aziona pwani zote mbili na habari zake zikaandikwa. Huyo ni Ibn Battuta wa Tangier, Moroko. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, akapita Mombasa, akafika Kilwa. Miaka kama 14 baadaye alifika katika kisiwa cha Sumatra, katika ufalme wa Samudra Pasai.

Aliyoyaona huku kwetu ni haya. Mogadishu, jahazi lilipokaribia, vijana walilijia na chakula, na kila mmoja akimshika mkono mfanyabiashara na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Mombasa aliona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na penye mlango wa kila msikiti kisima cha watu kuoshea miguu. Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtu mnyenyekevu aliyekaa na maskini na kula nao. Siku moja ya Ijumaa, baada ya sala, fakiri mmoja kutoka Yemeni alimwomba Sultani nguo alizokuwa amevaa, naye Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa.

Na huko Sumatra? Alimkuta Sultani ambaye Ijumaa alikwenda msikitini kwa miguu, na ambaye alipenda kukaa na wanazuoni na kusikiliza mijadala yao. Alimkuta akifuata madhehebu ya Imam Shafi, yale yale yaliyoenea katika pwani yetu. Alikuta minazi, tambuu, kafuri na karafuu. Alikaribishwa, akapewa mavazi, akakaa siku kama 15, kisha akaendelea na safari yake kuelekea China. Ufalme huo ulikuwa wa Kiislamu tangu karne iliyotangulia, kwani kaburi la mfalme wake, Malik al-Salih, lina tarehe ya mwaka 1297.

Ndugu msomaji, hakuna jeshi la Makka wala la Baghdad lililovuka maji kwenda kuiteka Sumatra, kama ambavyo hakuna jeshi la namna hiyo lililokuja kuiteka Kilwa. Kwa sehemu kubwa waliokwenda walikuwa wafanyabiashara na walimu, wakingojea upepo wa msimu ugeuke ili warudi kwao. Katika miezi ile ya kungoja walipanga nyumba, walinunua chakula, walikopa na kulipa, walioa, walisali. Wenyeji waliwatazama. Leo Indonesia ina Waislamu zaidi ya milioni 200, ndiyo nchi yenye Waislamu wengi kuliko karibu zote duniani. Mwindonesia akikutana na mwenziwe humwuliza, "Apa kabar?", yaani, habari gani? Nasi twaielewa nusu ya salamu hiyo bila mkalimani, maana neno lao kabar na neno letu habari mama yao ni mmoja. Dunia wao pia waiita dunia, wakati wauita waktu, akili waiita akal. Lugha yao, kama Kiswahili, ilikuwa lugha ya bandarini na sokoni, na mwaka 1928 vijana wao waliapa kuifanya lugha ya umoja wa makabila yao, kama sisi tulivyounganishwa na Kiswahili.

Kisha akaja mtu mwenye upanga. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505, na miaka sita tu baadaye, mwaka 1511, wakaiteka Malaka, bandari kubwa ya Wamalei. Waliteka forodha, lakini mioyo ya watu wa pwani hizo mbili hawakuipata. Mwaka 1621 Waholanzi waliwaua na kuwatawanya watu wa visiwa vya Banda ili wao peke yao wauze kungumanga. Walipata kungumanga. Upanga una mkono mrefu wa kufikia ghala, lakini haufiki moyoni.

Mchele wa juu na mchele wa chini

Kilicho na mkono wa kufika moyoni ni nini? Niruhusu nikusimulie jambo dogo nililoliona katika mitaa hii hii, mwezi wa Ramadhani. Mama mmoja mtu mzima alisimama penye duka la nafaka, akataka mchele wa Kyela. Kijana aliyekuwa akiuza alizamisha mkono katika gunia, akatoa mchele wa chini, akauweka kiganjani karibu na ule wa juu.

"Bi mkubwa," akasema, "huu wa juu ni wa Kyela. Huu wa chini umechanganywa. Ukiutaka, bei yake si ile."

Yule mama alimtazama sana kijana, kisha akamwuliza, "Mwanangu, wewe dini gani?"

Kijana akacheka. "Bi mkubwa, nunua mchele kwanza."

Mimi sikujua kijana yule ni Mwislamu au ni Mkristo, wala sikumwuliza. Lakini nilijua kwamba nimeona kwa macho yangu jinsi dini ilivyovuka bahari. Mama yule hakuhubiriwa. Hakupewa kitabu. Aliona kipimo cha kweli, na kipimo kile ndicho kilichomtoa swali mdomoni.

Imepokewa kwamba Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) alipita penye lundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani, na vidole vyake vikaguswa na unyevu. Akamwuliza mwenye mali habari yake, naye akajibu kwamba mvua imeinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowana juu ili watu waione, kisha akatangaza kwamba mdanganyaji si miongoni mwa wafuasi wake. Aidha, katika Kurani Tukufu imo Sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjao, wale ambao wakipokea hutaka kipimo kijae, na wakitoa hupunguza. Na Mtume Shuaibu (a.s.) alitumwa kwa watu ambao, pamoja na kumshirikisha Mungu, dhambi yao iliyotajwa waziwazi ilikuwa ya mizani.

Kwa nini Mwenyezi Mungu aliyeumba mbingu na ardhi ajali kopo la kupimia mchele? Kwa sababu anayepunja kwa kopo amekwisha sema moyoni mwake kwamba hakuna Amwonaye. Ulimi wake unashuhudia Mungu Mmoja, na mkono wake unamkana.

Nasi tunayajua mambo haya. Tunaijua lumbesa, gunia lililojazwa na kushonewa kilemba juu, ambalo mkulima hulipwa kama gunia moja. Tunalijua kopo lililobonyezwa kitako. Tunaijua mizani iliyochezewa, na winga anayekuapia kwa Mungu kwamba bei ya duka ni hii, hali ameongeza yake katikati. Kila mmoja wa hawa, akiwa na jina la Kiislamu, anahubiri. Anahubiri kutwa nzima, na watu wanamsikiliza kuliko wanavyomsikiliza mhubiri wa Ijumaa.

Swali la mtafuta haki

Lakini mtafuta haki mwenye akili atanisimamisha hapa. Ataniambia: "Shehe, umenisifia wafanyabiashara wa pwani. Je, majahazi hayo hayo hayakubeba watumwa?"

Ni swali la haki, nami sitakujibu kwa kuliepuka. Ile habari ya Sultani wa Kilwa na nguo zake ina sehemu ya pili. Ibn Battuta anaeleza kwamba mtoto wa Sultani alizitwaa zile nguo kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Na Sultani, alipoona jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Anaeleza pia kwamba Sultani huyo alikuwa akishambulia nchi za bara na kuchukua ngawira, na Sultani wa Sumatra naye alikuwa mtu wa vita. Basi tazama: katika kisa kimoja cha ukarimu, binadamu 20 wamehesabiwa pamoja na pembe, kama bidhaa. Wao nani aliwauliza majina yao? Na biashara hiyo iliendelea katika pwani yetu karne nyingi, mpaka soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873, na hata baada ya hapo ilifanywa kwa siri.

Huo ndio mchele wa chini, nami nimeuweka kiganjani mwako karibu na ule wa juu. Mtu anayekuita katika dini na kukuficha jambo hili anakufanyia lile lile alilolikataza Mtume penye lundo la nafaka. Sisi hatutaki mnunuzi wa namna hiyo, kwa sababu siku atakapozamisha mkono wake mwenyewe gunia lote atalitupa.

Sasa lipime jambo kwa uadilifu. Kurani Tukufu, katika Sura al-Balad, inaita kumwacha huru mtumwa kuwa ni njia ya mlima ambayo mwanadamu hutakiwa kuipanda, pamoja na kumlisha yatima na maskini siku ya njaa. Bilal, aliyekuwa mtumwa mweusi na kuteswa Makka kwa imani yake, ndiye aliyechaguliwa kuwaita watu katika sala. Mtume alifundisha kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu ila kwa ucha Mungu. Mizani hiyo ilikuwapo, imewekwa wazi. Waliouza watu waliipita bila kuitazama. Nao waliwachukua wapagazi wa Kariakoo wakawahesabu kwa idadi ya mizigo walikuwa na Kitabu chao kinachofundisha kwamba binadamu wote wametokana na baba mmoja. Basi kosa la kumpunja binadamu si la kabila moja wala la dini moja. Ni kosa la mkono unaokana yale ambayo ulimi unakiri.

Na historia yenyewe inatoa ushahidi. Huko bara, wakati misafara ya watumwa ilipokuwa ikipita, watu wengi walikimbia waliposikia ngoma zake. Islam ilienea kwa wingi katika Tanganyika ya bara hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati biashara ile ilipokuwa ikifa, kwa njia ya walimu wa vijijini, wachuuzi na majirani. Na miongoni mwa waliokuja kukaa Kariakoo walikuwamo watu ambao wazee wao walitoka katika utumwa. Hao waliikuta dini si katika mnyororo wa bwana wao, bali katika safu ya sala, ambapo bega la mtu huru na bega la aliyekuwa mtumwa yaligusana, na hapakuwa na Mnazi Mmoja ya kuyatenga.

Wewe uliye mpya

Neno langu la mwisho ni kwako, ndugu uliyesilimu karibuni. Najua uzito ulio nao. Huenda baba yako hasemi nawe. Huenda mama yako anadhani umempoteza yeye, wala si kwamba umempata Mungu. Huenda wenzako wa zamani wanakungoja uteleze. Unatafuta maneno ya kuwaeleza, na maneno hayatoshi.

Usihangaike sana na maneno. Wale waliofika Sumatra na Kilwa hawakuwa na maneno mengi, kwa kuwa hata lugha ya wenyeji walikuwa wakijifunza. Walikuwa na mizani. Basi mrudishie mama yako chenji yake kamili. Lipa deni la dukani kabla hujaulizwa. Ukiuza simu iliyotengenezwa, sema imetengenezwa. Ukimpimia mtu kilo, iwe kilo. Mtumie baba yako fedha ya dawa hata kama hajibu salamu yako, maana Kurani Tukufu imekuamuru kukaa na wazazi kwa wema hata wakikushurutisha katika jambo la imani. Iko siku mmoja wao atakutazama kama yule mama alivyomtazama kijana wa mchele, na swali litamtoka mwenyewe. Hapo ndipo utakapohitaji maneno, na Mwenyezi Mungu atakupa.

Imepokewa kutoka kwa Mtume Mtukufu (s.a.w.) kwamba mfanyabiashara mkweli na mwaminifu atakuwa pamoja na Manabii, na wakweli, na mashahidi. Hebu fikiri: mchuuzi wa Mtaa wa Kongo amesimama pamoja na Manabii! Si kwa sababu alisafiri nchi nyingi, bali kwa sababu kopo lake halikubonyezwa.

Wala usiseme kwamba utatengeneza mizani yako kesho. Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, ghorofa moja liliporomoka hapa Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Walikuwa wameamka kama kawaida, wamefungua maduka, wameanza kuhesabu mauzo. Kuna waliokuwa chini ya kifusi wakizungumza na ndugu zao kwa simu, na waokoaji wakachimba usiku na mchana. Siku hiyo hakuna aliyeuliza aliyefukiwa ni wa kabila gani au anasali wapi. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa na awape subira waliobaki.

Kuna bidhaa moja ya Sumatra ambayo sikuitaja tulipokuwa tukizungukia soko. Ni kafuri, ambayo sisi twaiita karafuu maiti. Zamani za kale ilitolewa katika miti ya misitu ya Sumatra na Borneo, ikasafirishwa mpaka Uarabuni na Uajemi, na mpaka leo jina lake halikosekani katika maduka yanayouza sanda. Hiyo ndiyo bidhaa ambayo mtu hajinunulii mwenyewe. Atainunua mwingine, muuzaji ataipima, nasi tutaoshwa na kutiwa manukato hayo, kisha tutapelekwa mbele ya Mizani isiyochezewa, ambayo haipunguzi wala haisahau hata uzito wa chembe.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wakweli katika kipimo, katika ushuhuda na katika historia yetu. Wafungulie njia wanaokutafuta, uwatulize waliokupata, na usituache tukawa kizuizi kati Yako na waja Wako. Amin.